Miezi 14 nafuatilia fidia ya ajali ya basi, leo naambiwa nisaini milioni moja na laki mbili yaishe!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, likinitoka neno baya mnivumilie.

Mwaka jana nilipanda basi pale Mbezi kwenda Dodoma. Tulipoipita Dumila dereva alikuwa anafukuzana na basi lingine, akataka kulipita lori kwenye kona, tukaishia mtaroni. Mimi paja la kulia. Mpaka leo lina chuma ndani na natembea kwa gongo. Kazi yangu ni fundi rangi, na fundi rangi asiyeweza kupanda ngazi hana kazi.

Siku ya tatu wodini akaja mtu wa kampuni ya basi na juisi na elfu hamsini. Kabla sijaishika akamwambia mwenzake apige picha. Nilipokwenda ofisini kwao baadaye wakanitolea picha ileile: "Mbona tulikuhudumia?" Halafu wakanisukumia bima, gari lina bima, maliza na bima.

Sawa, bima. Stika niliihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku ya ajali ilikuwa hai. Na hata kama ni bima ndogo (third party), Sheria ya Bima ya Magari imeiweka lazima kwa ajili ya watu kama mimi, hawanipi msaada! Nikakusanya PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi), ripoti ya daktari, risiti, ramani ya ajali, hukumu ya kesi ya trafiki. Dereva alikiri kosa, akalipa faini siku hiyohiyo akaondoka zake. Mimi nakala ya hukumu yake nimeisubiri miezi minne.

Nimefika na faili, afisa madai anataka tiketi halisi. Tiketi ilikuwa mfuko wa shati, na shati nesi alilikata kwa mkasi likiwa limelowa damu. "Sasa tutajuaje ulikuwa abiria?" Jina langu liko kwenye PF3, liko kwenye orodha ya majeruhi, halafu unaniuliza hivyo? Nilikuwa napita porini nikaangukiwa na basi?

Wiki nyingine wakataka hati ya mshahara. Nimemweleza mimi ni fundi, nalipwa nyumba ikiisha. Akaandika kwenye faili "hana kipato". Nimeiona kwa macho yangu.

Jumatatu hii ndiyo wameniita. Matibabu peke yake, yenye risiti, ni 4,860,000. Wao wanatoa 1,200,000. Karatasi ishachapwa, inasema nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sitadai tena popote, na pale pa kusaini washanichorea alama ya X kwa penseli. Nikauliza hesabu mmeipigaje? Jibu: "Kaka, wenzako wamechukua laki tatu na hawajalalamika." Ni kweli, mama niliyekaa naye siti moja alichukua laki tatu. Mtoto wake alikuwa karudishwa nyumbani kwa ada, angefanyaje?

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wao. Kufungua madai ya madhara kama haya mahakamani una miaka mitatu, na kila "rudi wiki ijayo" inakatwa humohumo. Wanangoja njaa inisainishe.

Sijasaini. Nimeondoka na nakala, nayo niliipata kwa ugomvi.

Wanasheria wa humu, na yeyote aliyepitia haya: nikienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ni lazima niwe na barua ya majibu kutoka kampuni ya bima? Maana hawa kila kitu ni kwa mdomo, nimeomba barua mara tatu sijapewa. Na kuna aliyewahi kupokea sehemu ya pesa bila kusaini hilo neno "ya mwisho"? Wamenipa mpaka Ijumaa saa sita.