Shilingi inaliwa na nani: Hazina au bei ya mahindi?

Mada: Wapo wanaosema shilingi hushuka thamani kwa sababu Serikali hutumia kuliko inavyokusanya. Wengine wanasema ni uhaba tu wa chakula na mafuta. Leteni hesabu za Tanzania.

Mizania: Mwaka 1995 mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 27. Mapato hayatoshi, Hazina inakopa Benki Kuu, na mkopo huo ni pesa mpya inayoingia sokoni bila gunia moja la ziada la mahindi. 1996 ikaja bajeti ya fedha taslimu: wizara hupewa kilichokusanywa, basi. TRA, mamlaka ya kukusanya kodi, nayo ilianza mwaka huo. Kufika 2000, mfumuko ulikuwa karibu asilimia 6. Na katikati palikuwa na ukame wa 1997, kisha mvua za El Niño! Mahindi yangekuwa ndiyo mwamuzi, mfumuko ungerudi juu.

Debe: Mkuu, njoo 2011. Desemba 2010 ulikuwa asilimia 5.6; Desemba 2011, 19.8. Nani alichapisha noti kiasi hicho? Chakula kilipanda, mafuta yakapanda, na mgawo wa umeme juu yake. Kiwanda kikiwasha jenereta, dizeli inalipiwa na mnunuzi.

Mizania: Nakubali chanzo. Ila Desemba 2012 ulishuka hadi 12.1, na Desemba 2013 ukarudi 5.6. Mfumuko kushuka si bei kushuka: kapu la bidhaa la shilingi 1,000 Desemba 2010 lilifika kama 1,418 Desemba 2013. Uhaba uliisha, bei zikabaki juu, maana mishahara na nauli vilishazifuata na pesa ya kuzilipia ilikuwepo.

Kibubu: Mwenye akiba je? Kwa mfumuko wa asilimia 5, thamani inabaki nusu kwa miaka 14 hivi. Kwa 27, miaka mitatu. Tuseme akaunti inalipa asilimia 2: kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 10 ya riba, inabaki 1.8. Gawanya 1.018 kwa 1.05, upate 0.97. Salio limeongezeka, unga umepungua.

Debe: Na hiyo 5 ya nani? Kapu la taifa, lile la kupimia mfumuko, linakipa chakula uzito wa kama asilimia 28. Chakula kikipanda asilimia 10 na vingine 2, mfumuko utatangazwa kama 4.2. Kaya inayomaliza nusu ya matumizi jikoni, wake ni 6.