Euro 546 kwa "jioni ya kimya na poro" Lapland: tumezungushwa mita mia nne chini ya mataa, na Mama yangu akapakwa masizi usoni

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nimekaa na hili jambo siku sita nikisema litapoa, halijapoa, na jana wamenijibu barua pepe ya mistari mitatu ndo nikaona bora niliweke hapa, ili mwenzangu anayetaka kuleta mzazi huku ajue anaingia wapi.

Mimi niko Finland mwaka wa tisa sasa, Tampere, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mwezi huu Mama amekuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Mama ni mtu wa Hanang, amekulia zizini, ana miaka 68 na mpaka leo pale Katesh ana ng'ombe wake na punda wawili wa kubeba maji. Kabla hajaja nilimuuliza, Mama ukifika unataka kuona nini, nikadhani atasema Helsinki au maduka, akaniambia nataka kuwaona hao wanyama wenu wanaovuta watu kwenye barafu, na nataka niongee na mtu anayewafuga. Hakuomba kingine chochote. Ndo maana limeniuma hivi.

Kwa msioishi huku, poro ndio wale wanyama wenye mapembe wanaochorwa wakimvuta Baba Krismasi. Huku kaskazini ni mifugo kabisa, wana wenyewe. Na hiki kigari cha mbao kisicho na matairi ndo sleji, unakaa juu ya ngozi, unafunikwa blanketi, poro anavuta.

Basi nikatafuta mtandaoni, nikapata kampuni moja ya Rovaniemi, mji wa Lapland, huo mkoa wa kaskazini mwa Finland (jina la kampuni siliandiki hapa, uzi usije ukafutwa). Tangazo lao lilisema safari ya jioni ya masaa matatu, kikundi kidogo, msituni gizani, ukimya wa Aktiki, halafu moto ndani ya kota (kibanda chao cha duara chenye moto katikati), juisi ya moto, na kukutana na mfugaji akueleze maisha yake. Hilo la mfugaji ndo lilinifanya nilipe. Watu wazima watatu euro 149 kila mmoja, mtoto 99, jumla 546. Hiyo kwa hela ya nyumbani ni milioni moja na nusu na zaidi, wakuu, mshahara wa mtu. Hapo sijahesabu treni ya usiku kwenda na kurudi wala hoteli ambayo Desemba bei yake inatisha.

Tumechukuliwa hotelini saa kumi na mbili jioni. Tumefika tunakuta mabasi manne yameshapaki. Manne! Mimi nilihesabu watu nikafika sitini nikaacha. Tukapewa ovaroli, ya Mama ilikuwa bado na unyevunyevu ndani wa mtu aliyeivua muda huohuo, nikaomba nyingine wakasema subiri, tukasubiri, ikaja kubwa mpaka tukamkunja miguu, halafu tukatolewa nje kwenye foleni. Nyuzi 22 chini ya sifuri na mtu wa miaka 68 amesimama kwenye foleni dakika hamsini, nimeangalia saa. Hakuna benchi. Nilipoomba angalau akae ndani mpaka zamu yetu ifike nikaambiwa tukitoka kwenye mstari tunapoteza nafasi.

Sasa giza. Rovaniemi iko hapohapo kwenye mstari wa Aktiki, kipindi hiki jua linachungulia masaa mawili hivi mchana halafu limeishia, saa tisa alasiri ni usiku. Yaani giza ni kitu ambacho hawa jamaa wamepewa bure na Mungu, hawalipii hata senti, na bado wameweza kutunyima, maana njia nzima wameizungushia mataa makubwa kama ya uwanja wa mpira ili watu wapige picha vizuri, na kwenye kila kona kuna spika inapiga nyimbo za Krismasi. Mwanangu ana miaka minane, alikuwa ameahidiwa nyota. Akaniuliza baba nyota ziko wapi, na anga halikuwa na wingu hata moja. Taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani, kutotokea siwalaumu, hizo hakuna anayeweza kuahidi. Ila nyota?

Na hizo spika zimeharibu kitu ambacho sikukijua mpaka niliporudi kazini. Dada mmoja ninayefanya naye kazi, kwao ni Sodankylä na baba yake ana poro, alipoona nimenuna akaniuliza, mlisikia miguu? Nikasema miguu gani. Akanieleza kwamba poro akitembea mguu wake unalia, tik, tik, tik, ni kano inateleza juu ya mfupa, na kwenye msitu wenye theluji usiku ndo sauti pekee unayoisikia ukikaa kwenye sleji, hiyo na mbao kukwaruza theluji. Alishangaa sana kwamba hatukusikia. Tungesikiaje na spika zile.

Safari yenyewe ni dakika saba. Mita mia nne na kumi, nilikuwa nimewasha simu inapima. Duara moja, unarudi palepale ulipoanzia, unashushwa, mwingine anapanda. Wafini wana neno la zamani poronkusema, ni umbali ambao poro anaweza kuvuta kabla hajalazimika kusimama akojoe, kwa sababu hawezi kukojoa huku anakimbia, na wanauhesabu kama kilomita saba na nusu. Hiyo ndo safari ya huyu mnyama. Sisi tumeuziwa masaa matatu, tukapewa mita mia nne.

Lakini hayo yote ningeyameza, wakuu. Kilichonikaba ni hiki.

Tulipofika kwa poro wetu Mama hakupanda. Alimsogelea kwanza kama anavyosogelea ng'ombe, kwa ubavuni, taratibu, akamwangalia. Yule poro alikuwa amefungua mdomo, ulimi nje, anahema mbavu zinapanda na kushuka. Mama akaniambia huyu amechoka, ana joto. Mimi nikamwambia Mama na baridi yote hii joto litoke wapi. Nikakosea mimi, Mama yuko sahihi: nimekuja kuelezwa kwamba unywele wa poro una uwazi ndani kama mrija, umeshika hewa, baridi hii kwake si kitu, shida yake ni akizidishiwa kazi, joto linakosa pa kutokea, ndo anafungua mdomo na kutoa ulimi kama mbwa. Ni duara la ngapi lile jioni ile, sijui, ila foleni niliiona.

Kisha Mama akapitisha mkono chini ya mkanda kifuani, akanionyesha. Manyoya yameisha, ngozi wazi, nyekundu, upana wa viganja viwili vya mtoto. Akasema, "Mwanangu, hata punda wa maji kwetu tunamwekea gunia chini ya kamba." Akamwita kijana aliyekuwa anatuongoza amwonyeshe. Kijana akaangalia, akasema yuko sawa, tafadhali pandeni, watu wanasubiri.

Nikamtafsiria Mama maswali yake, maana alikuja nayo toka nyumbani. Huyu ni jike au dume? Kijana akajibu dume, wote madume, si unaona mapembe. Mama akainama akachungulia, akasema huyu ni maksai. Na ni kweli, poro wa kuvuta mara nyingi ni wale waliohasiwa, ndo maana Desemba bado wana mapembe, madume ambao hawajahasiwa wengi wanakuwa wameshayaangusha baada ya msimu wa kupandana, na majike nao wanayo mpaka karibu wazae. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku hajui anavutwa na nini! Mama akauliza tena, masikio haya yamekatwa hivi, ni alama ya nani? Kijana akacheka akasema labda waliumana wenyewe kwa wenyewe.

Wakuu, zile ni alama za mwenye mali. Kila mfugaji ana mkato wake wa masikio uliosajiliwa, ndama wanakatwa kiangazi, na mwenyeji akiona sikio anajua ni mnyama wa nani. Mama alilijua hilo kwa kuangalia tu, kwa sababu ni mfugaji. Hata hakuuliza mnao wangapi, kwetu huulizi, na yule dada ameniambia hata huku huulizi, ni sawa na kumuuliza mtu ana shilingi ngapi benki. Yaani kulikuwa na mazungumzo mazuri ya mfugaji na mfugaji yanamsubiri mtu pale, Mama ameyasafirisha toka Hanang, na hakukuwa na mtu wa kuyapokea. Nikauliza mfugaji yuko wapi, si mmeandika tutakutana naye? Nikaambiwa mfugaji haji zamu za jioni.

Yule kijana simlaumu sana, alisema ametoka kusini mwa Ulaya, ana wiki tatu kazini, wamemwokota wakampanga. Lakini waliomvalisha nawalaumu. Walikuwa wamemvalisha kofia ya pembe nne na koti la bluu lenye mistari myekundu, mavazi ya kuigiza ya Wasami, wale wenyeji wa asili wa huku kaskazini, kitambaa chepesi kabisa, chini jinzi. Mama akauliza huyu ni wa kabila gani, nikakosa la kumjibu. Rovaniemi kwanza haimo hata kwenye nchi ya Wasami kwa sheria ya Finland, nchi yao ni Utsjoki, Inari, Enontekiö na upande wa kaskazini wa Sodankylä. Na Finland si lazima uwe Msami ndo ufuge poro, wapo Wafini wa kawaida wanafuga toka babu zao, wangeweza kumleta mmoja wao na nguo zake za kazi tukafurahi. Vazi la Msami linasema mtu katoka wapi, ukoo gani. Sisi wenyewe tunakasirika tukiona mtu yeyote anavishwa shuka la Kimasai kupokea watalii, halafu tuje tulipie hilohilo huku?

Tukaingizwa kwenye kota. Juisi ilikuwa ya uvuguvugu, poa. Kijana akasema sasa ni ubatizo wa Lapland, akachukua masizi kwenye kipande cha gogo, akaanza kupaka watu kwenye paji la uso huku anatoa sauti za ajabuajabu na kupiga kingoma. Watu wanacheka. Alipofika kwa Mama hakuomba ruhusa, alimshika kidevu akampaka. Mama yangu! Mlutheri, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata mimi mwanaye simshiki uso. Aliposikia neno ubatizo nimemtafsiria alinyamaza, akatoa leso akajifuta, na hakusema neno mpaka hotelini. Mke wangu alikuwa analia.

Nikaandika malalamiko, nikaweka picha za kidonda, ramani ya mita 410, skrinishoti ya tangazo. Wamejibu hivi: njia inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa, ile sherehe ni mila ya wenyeji, na tiketi hairudishiwi hela. Hali ya hewa ipi? Hakukuwa na upepo wala theluji kudondoka. Na mila ya nani? Bunge la Wasami la Finland lilipitisha miongozo ya utalii mwaka 2018, mojawapo ya mambo wanayopinga ni haya maigizo ya kuwafanya waonekane washenzi wa mahemani wenye uchawi. Wenyewe wameyakataa kwa maandishi, wewe unaniambia ni mila.

Kuhusu hela, mtu asije akaniambia ya zile siku 14 za kubadili mawazo ukinunua kitu mtandaoni, najua hazihusu tiketi ya burudani yenye tarehe maalum. Mimi sijabadili mawazo, sijapewa nilicholipia, hayo ni mambo mawili. Hapa utaratibu ni unalalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi, ikikataa unaenda kuluttajaneuvonta, ofisi ya ushauri kwa wateja, wanakushauri bure, ikishindikana kuna Kuluttajariitalautakunta, bodi ya migogoro ya wateja, nayo haikutozi, japo uamuzi wake ni pendekezo. Leo asubuhi nimeshawaandikia hao wa ushauri. Na suala la kidonda nalipeleka kwa daktari wa mifugo wa manispaa, hilo silisubirishi, kwa sababu hela yangu inaweza kukaa lakini yule mnyama leo jioni yuko kwenye foleni tena.

Walioenda Rovaniemi msimu huu wakapata kota, masizi na spika, njooni inbox, nataka malalamiko yaende zaidi ya moja.

Na ombi langu kubwa. Mama anaondoka tarehe 4 Januari. Kama kuna Mswahili yeyote yuko Inari, Sodankylä, au hata upande wa Norway au Sweden, anamjua mfugaji wa kweli, familia, si lazima sleji wala juisi, tunataka saa moja tu mtu mzima aongee na mtu mzima mwenzake kuhusu mifugo, mimi nitatafsiri. Nauli si tatizo, nitaendesha gari usiku kucha. Mama bado anayo yale maswali, jana jioni ameniuliza kama wale poro usiku wanalala zizini au porini.