Tupeane uzoefu: ulianzaje kutengeneza potifolio ya picha za mitindo?

Mleta mada, Dar

Habari za leo wakuu. Siku nyingi nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeona nianzishe mimi kwa sababu hili jambo la potifolio, yaani zile picha chache unazochagua kumwonyesha mtu ili akupe kazi, linanikaa kichwani na najua humu wapo waliopita njia hii.

Mimi napiga picha mwaka wa tatu sasa. Harusi, kipaimara, bethdei za watoto, hizo ndo zinalipa kodi ya chumba, ila moyo wangu uko kwenye mitindo tangu zamani. Kamera ni Canon 600D ya mkono wa pili na ile lenzi yake ya 18-55 niliyouziwa nayo. Mwaka jana nikajikaza nikaenda kwa mbunifu mmoja wa hapa mjini, jina naliacha, nikampa simu ina picha 140. Akapitisha kidole kama picha 20 hivi akanirudishia simu akasema "kijana picha unajua, ila nguo sijaiona."

Aisee hilo neno nimekaa nalo kwenye daladala kutoka Posta mpaka Tandika. Nilipofika nikazifungua moja moja na kweli kabisa. Kuna moja niliyokuwa naipenda kuliko zote, dada kasimama Coco Beach jua linazama nyuma yake, nywele zinapepea, bahari inang'aa. Lile gauni lilikuwa na marinda ya mkono kifuani ambayo fundi kayafanyia kazi siku mbili, kwenye picha ni giza tupu, hata rangi ya gauni huijui. Nyingine nimekata miguu juu kidogo ya pindo, nyingine nimefifisha kila kitu kikabaki jicho. Nilikuwa napiga picha za warembo na machweo nikawa naziita mitindo.

Nikabakisha 6 tu nyingine zote nikazitoa. Nikaenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu nikamwambia naomba nguo zako za sampo hizo unazoning'iniza mbele ya kibanda, nikupigie bure, wewe utaweka status mimi nitaweka kwenye potifolio. Akakubali bila hata kufikiria. Binti yake akavaa. Tukatumia ukuta mweupe wa jirani, saa 10 na nusu jioni jua likiwa upande wa pili wa nyumba, na kila nguo nikapiga tatu: nzima kuanzia kichwani mpaka viatu, ya kati, na ya karibu kabisa pale fundi alipoweka ufundi wake. Zile tatu tatu za nguo nne zimenifunza kuliko zile 140 zote.

Sasa naomba kila mtu aseme alivyoanza yeye mwenyewe, kwa kweli yake, mambo ya kamera bei gani tuyaache kwa leo. Karibuni.

Mdau wa Nairobi

Sasa mleta mada, asante kwa hii topiki. Mimi nilianza na simu tu. Kuna dada tulikuwa tunaishi naye ploti moja Umoja, anauza mtumba onlaini, anafika Gikomba kabla kupambazuke ndio apate fasti kamera, ile mali ya kwanza kabisa bale likifunguliwa. Nikamwambia nitakuwa nakupigia, akaniambia atanipa 50 bob kwa kila nguo ikiuzwa. Tulikuwa tunapigia kwa mlango wa bluu wa geti, yeye mwenyewe ndiye anavaa.

Sasa kile kitu hiyo kazi ilinifunza ni kwamba mteja wa mtumba anauliza maswali mengi sana. Hii nyuma inakaaje? Hiyo ni koti ama ni shati nzito? Mfuko ni wa ukweli ama ni urembo? Nikawa najibu hayo maswali kwa picha kabla yaulizwe, mkono nauweka ndani ya mfuko, koti nalifungua kifungo moja ili kitambaa ya ndani ionekane, nguo nzito nampigia akitembea ndio uone vile inaanguka. Miezi kama nane hivi, nguo mia na kitu. Baadaye nilipokaa kuchagua za potifolio nilipata kumi pekee ambazo naweza kuonyesha mtu, na zote kumi ziko na ule mlango wa bluu. Mwanzo niliona aibu juu ya mlango. Lakini stailisti (yule anachagua nguo za kupigwa picha) wa kwanza kunipa kazi aliniambia ni huo mlango ulimfanya akumbuke picha zangu, kwa sababu wengine wote walikuwa wamempelekea picha za rufutopu na taa za tauni nyuma.

Kitu ingine, pasi. Nguo ya mtumba iko na mikunjo ya bale na kuitoa kwa editing ni kazi ngumu sana. Beba pasi, na kama hakuna stima mahali mnaenda, piga pasi nyumbani na ubebe nguo kwa hanga, usikunje.

Modo, Mwanza

Mimi niongee upande wa mbele ya kamera kwa sababu wapiga picha wanaoanza wanatusahau.

Nimefanya kolabo nyingi, zile za kila mtu anajitolea, modo hana malipo, mpiga picha hana malipo, mekapu hana malipo, wote tunagawana picha. Sina tatizo nazo, hata mimi zilinijenga. Lakini kuna mmoja tulipiga naye kuanzia saa 3 asubuhi mpaka jioni, nguo sita, picha nikaja kuzipata baada ya miezi minne na nilikuwa nimeshaziona kwenye tangazo la duka la nguo. Hakuniomba, hakunijulisha, na alilipwa. Iliniuma sana na mpaka leo nikiipita hiyo picha inaniuma.

Kwa hiyo mnaoanza, kabla hamjatoka nyumbani andikianeni. Meseji ya WhatsApp inatosha kwa kuanzia: tutapiga nguo ngapi, picha ngapi nitapewa, lini, zitatumika wapi, na mtu akitaka kuzinunua tunafanyaje. Mwambie modo aje na dada yake au rafiki yake, usisubiri akuombe. Tafuta mahali pa kubadilishia nguo palipo na mlango. Mimi mtu aliyefikiria chumba cha kubadilishia kabla sijafika nampa pozi nzuri mpaka jua linazama, maana sina wasiwasi.

Na tuonyesheni picha tukiwa tunaendelea kupiga. Nikiona bega limeinuka vibaya nalishusha, usiponionyesha utarudi nyumbani na picha 300 bega limeinuka zote.

Mdau wa Unguja

Assalaam aleikum. Mie ntasema habari ya kanga, maana ndo iliyonifunza.

Niliazimwa doti tatu na mama mkubwa, nikampiga binamu yangu Mji Mkongwe kwenye vichochoro vya nyuma, nikaziona nzuri sana nikampelekea mama mkubwa azione. Akaziangalia kimya, kisha akauliza "jina liko wapi?" Nimezikata zote kiunoni! Kanga ina pindo, ina mji hapo katikati, na jina, yale maneno yake, linakaa chini ya mji, ukikata hapo umeitoa kanga roho yake. Na moja ambayo jina lilionekana lilikuwa limevaliwa juu chini. Watu wa nje wangeipenda ile picha, lakini mwanamke yeyote wa hapa angeiona kosa kabla hajamuona aliyevaa. Nikarudia zote tatu, safari hii mama mkubwa mwenyewe kakaa kwenye baraza anaelekeza namna ya kufunga, na ile moja ambayo pindo limenyooka na jina linasomeka herufi zote ndo ya kwanza kwenye potifolio yangu mpaka leo.

Habari ya mwanga sasa. Huku kwetu jua la saa 6 linasimama utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinasaidia kwa sababu ni vyembamba na kuta ndefu, mchana ule jua linapiga ukuta wa juu wa upande mmoja kisha linarudi chini limeshalainika. Mweke mtu kwenye kivuli, uso uelekee ule ukuta unaowaka. Huhitaji kitu chengine. Jioni msichelewe, kwetu jua likishazama kiza hakina subira, dakika 20 kazi imekwisha.

Na nguo nyeupe: kamera ikiona kanzu nyeupe imejaa picha nzima inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi unakuwa mkaa. Ongeza mwanga hatua moja (+1 kwenye kamera) mwenyewe. Buibui jeusi kinyume chake, kamera inaongeza mpaka nyeusi inakuwa kijivu, wewe punguza. Mie hili limenichukua mwaka mzima kulijua, nikidhani tatizo ni kamera.

Mkipata nafasi pitieni Capital Art Studio hapo Mji Mkongwe, studio ya tangu 1930, muone picha za zamani za hapa. Watu wamevaa, wamesimama, na nguo unaiona yote.

Fundi cherehani, Morogoro

Nimesoma mpaka mwisho, hasa hapo kwa mleta mada na fundi wa kwao. Mimi nashona mwaka wa 11 huu na nimeshawaazima nguo wapiga picha watatu, wawili sitawaazima tena.

Wa kwanza alirudisha gauni la kitenge lina mchanga na poda shingoni. Poda ya mekapu kwenye kitambaa cheupe haitoki kirahisi. Mvalisheni modo nguo inayopitia kichwani kabla ya mekapu au mfunikeni uso na mtandio wakati anavaa, ni kitu cha sekunde tano. Wa pili alirudisha vizuri ila alibadilisha rangi. Nimeshona kitenge cha zambarau, kwenye picha kimekuwa bluu, akasema ndo mtindo wa kuediti siku hizi. Mteja kaja na picha anataka ile bluu. Nitaitoa wapi? Uso mnaweza kuuwekea rangi ya joto au ya baridi mnavyotaka ila rangi ya kitambaa iacheni ilivyo.

Wa tatu ndo huyu nafanya naye kazi mpaka leo. Alikuja kibandani akakaa kama saa nzima ananiangalia nakata, akawa anauliza. Hii kola umeipaje ugumu? Hapa mbona umegeuza maua ya kitenge yatazame juu? Siku ya kupiga alijua kila nguo ina nini. Na nguo ikiwa kubwa kwa modo aliibana nyuma na vibanio, mbele ikakaa kama imeshonewa mwili wake. Sikuwahi kufikiria hilo.

Mdau, Dodoma

Mimi nina simu tu na chumba cha mita tatu. Naanzaje?

Mdau mkongwe, Dar

@Dodoma toka nje mdogo wangu. Ukiwa ndani ya mita tatu na simu unalazimika kusogea karibu, na simu ukiisogeza karibu ukiwa umesimama, modo anakuwa kichwa kikubwa miguu mifupi. Rudi nyuma, shusha simu usawa wa kiuno chake, piga. Hata mwenye kamera kama ya mleta mada akija kununua lenzi ya 50mm ajue kwa picha ya mtu mzima kichwa mpaka viatu atahitaji karibu mita tano za kurudi nyuma, sebuleni hazipatikani. Na ile modi ya simu ya kufifisha nyuma usiitumie kwenye nguo, inakula ncha za mtandio na nywele.

Mimi nilianza kwa kufukuzia maonyesho. Swahili Fashion Week ilipoanza 2008 tulikuwa tunagombania kusimama mwisho wa jukwaa. Nikajaza potifolio picha za jukwaani, nikashangaa mbona hakuna anayeniita, mpaka nikaelewa kwamba wapiga picha wote pale tuna picha ileile, modo yuleyule, mguu uleule mbele. Yule anayeangalia haoni umeamua nini wewe. Taa si yako, nguo hukuchagua, mahali hukuchagua. Ziwekeni moja mbili, zisiwe ndo potifolio.

Huwa nawapa vijana mfano wa mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio 1948, pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani kwake, na mara nyingi alitumia mwanga wa jua tu uani. Angalieni picha zake muone maua ya gauni yanavyokutana na maua ya shuka. Yule mtu alikuwa anaangalia kitambaa.

Idadi: mimi nikipewa potifolio ya anayeanza, 12 zinanitosha. Moja mbovu katikati nakumbuka hiyo mbovu. Na mtafute mtu asiyekupenda sana akusaidie kuchagua, maana wewe unaipenda picha kwa sababu ulipanda ukuta kuipata, yeye hajui habari ya ukuta.

Mleta mada, Dar

Wakuu nimesoma yote mara mbili, shukrani sana. Dada wa Mwanza pole kwa yaliyokukuta, ile orodha yako nimeshaiweka kwenye meseji na leo nimemtumia binti wa fundi pamoja na baba yake. Jumapili tunapiga nguo tatu zilizobaki. Ijumaa naenda kukaa kibandani nimwangalie anavyokata kama alivyosema fundi wa Morogoro, sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja na tunaishi mtaa mmoja.

Swali moja kwa fundi: hivyo vibanio vya nyuma ni vile vya kuanikia nguo?

Fundi cherehani, Morogoro

Vya kuanikia vinateleza kwenye satini, na vya mbao vinaacha alama kikikaa muda. Nenda stesheneri chukua vile vyeusi vya chuma vya kubania karatasi, vile vidogo. Weka kipande cha kitambaa kati ya kibanio na nguo, na usibane juu ya mshono. Mwambie modo asigeuke tu.