Mumbai mara ya kwanza: vitambaa vya harusi, dhahabu na kutembea kidogo

Bint_Mkunazini
Assalaam alaykum. Novemba inshallah nakwenda Mumbai na mama, siku nne tu. Tunatafuta vitambaa vya harusi na dhahabu kidogo, na mama anataka kutembezwa. Tumeona hoteli rahisi karibu na uwanja wa ndege. Tule wapi, na tufanyeje tusipunjwe madukani?

Mwana_wa_Wete
Waalaykum salaam. Hoteli hiyo iacheni. Uwanja uko kaskazini, shughuli zenu zote ziko kusini, na foleni itakula siku zenu. Tafuteni chumba baina ya stesheni ya treni ya CST (sasa yaitwa CSMT) na Mohammed Ali Road. Hapo Crawford Market, Mangaldas Market ya vitambaa na Zaveri Bazaar ya dhahabu mnakwenda kwa miguu. Bajaji msizitegemee, haziruhusiwi kusini ya mji, zinaishia Bandra na Sion. Kusini ni teksi nyeusi na manjano. Mita iwashwe kabla gari haijaondoka. Na Mangaldas hufungwa Jumapili, kwa hivyo siku hiyo iwekeni ya matembezi.

Fundi_Darajani
Dada, kabla ya kuuliza bei uliza upana. Vitambaa vingi huko ni inchi 44, vyengine 58. Fundi wako akihesabu mita kwa 58, nawe ukanunua mita hizo hizo za 44, gauni halitoki, na ukisharudi Unguja rangi ile huipati tena. Sare ya harusi ikatwe kwenye jora moja. Majora mawili ya rangi "moja" hupishana kidogo. Dukani huoni, kwenye picha utaona.

Hariri: omba uzi mmoja wa pindoni uuchome. Ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kidoleni. Poliesta huyeyuka ikabaki kidonge kigumu. Muuzaji akikataa kutoa uzi, ushajibiwa. Sari nyingi zina kipande cha blauzi mwishoni, kama sentimita 80, hakijakatwa. Mwambie fundi mapema, asije akakipinda pamoja na sari.

Dhahabu ya karati 22 ina muhuri wa BIS (shirika la viwango la India), 916 (yaani sehemu 916 katika 1000 ni dhahabu), na namba ya HUID, ya pekee kwa kila kito, herufi na tarakimu jumla sita. Namba hiyo iingize kwenye programu ya simu ya BIS Care papo hapo dukani. Bei ina mafungu matatu: uzito kwa bei ya siku, ujira wa sonara, na kodi ya asilimia 3. Bei ya siku haibishaniwi. Kinachopatanwa ni ujira. Kito chenye mawe, uzito wa mawe utolewe kwanza. Hapo ndipo wageni wengi wanapopunjwa.

Mla_Urojo
Kula ni usiku, Mohammed Ali Road, upande wa Minara Masjid: nihari (mchuzi mzito wa nyama), kebabu za mkaa, na malpua kwa mwenye kupenda tamu. Ng'ombe hachinjwi Maharashtra, na tangu 2015 hata dume, kwa hivyo kinachoitwa "beef" ni nyati wa kufugwa. Mchana vada pav inatosha: ni kachori yetu iliyotiwa ndani ya mkate na chatne kali. Pani puri za barabarani, vile vitufe vikavu vyenye kiazi na maji ya viungo, mama aziache. Shida si kiazi, ni yale maji yanayojazwa ndani.

Bint_Mkunazini
Shukran sana. Na Jumapili tumpeleke wapi?

Mla_Urojo
Elephanta, kisiwa chenye mapango ya kale. Boti zinaondokea Gateway of India, mwendo wa saa moja hivi. Jumatatu pamefungwa. Kiingilio cha mgeni ni rupia 600, na kutoka chini mpaka mapangoni ni ngazi ndefu. Kama mama anaumwa magoti, basi tena. Chakula kifungeni ndani ya mkoba, kima wa pale hawaombi. Mbadala wake ni Haji Ali: kaburi la walii liko baharini, na maji yakijaa njia yote inazama. Angalieni majira ya maji, hasa bamvua.

Mwana_wa_Wete
Jengine. Chukueni dola mbadili, maana maduka madogo hulipwa kwa simu za kwao na kadi zetu hazifanyi kazi. Na mkipitia Nairobi au Addis Ababa, cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi. Asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Sindano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, chini ya hapo cheti hakijaanza kuhesabika.