Amenipa hashi nusu, eti "zilizobaki malizia mwenyewe"! Huyu Mtaalamu wetu amezidi

Kokoto la Mto (mtoa mada)
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi. Imetokea sasa hivi, chai yenyewe bado inafuka moshi.

Yule Mtaalamu mnamjua, simtaji. Mwenye intaneti ya ofisini wakati sisi wengine tunahesabu bando. Anashusha Linux Mint (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), anaichokonoa, anaongeza programu za ofisi, fonti na vikorokoro vyake, anaifunga upya kuwa ISO moja, yaani faili moja lenye mfumo mzima, na kuitupia kwenye grupu. Nusu ya mji inatumia kitu hicho. Sasa kwa kuwa kaichokonoa, ukiikagua kwa hashi za tovuti ya Mint (hashi ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili, kama alama yake ya kidole) haitalingana hata siku moja. Hashi ya ISO ile lazima aitoe yeye, hakuna mwingine chini ya jua!

Nikamwomba kwa adabu za ukweni: "Mkuu, habari za kazi, naomba hashi ya SHA-256 ya ISO ya leo." Kimya. Naona anaandika, anaacha, anaandika tena. Ikaja skrinshoti. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, kaikata baada ya alama ya nane. Ya tisa umebaki mgongo tu, hujui ni 3 au 8. Chini yake kaandika: "Zilizobaki malizia mwenyewe." Na vikatuni vya kucheka mpaka simu ikawa nzito.

ZILIZOBAKI MALIZIA MWENYEWE! SHA-256 ina alama 64. Kanipa nane. Hizo 56 nikazimalizie wapi, kwa mganga? Faili likibadilika biti moja tu, hashi yote inavurugika, ndiyo kazi yake. Na hizo nane peke yake si ushahidi wa kitu. Alama nane zina michanganyiko bilioni 4 na ushee. Mhuni mwenye kompyuta ya mezani anatengeneza faili bovu linaloanza na nane zilezile, na kabla hakujakucha keshalipata.

Tarehe 20 Februari 2016 wahuni waliingia tovuti ya Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, watu wakapelekwa kwenye seva ya Bulgaria kushusha ISO yenye mlango wa nyuma. Mint walifanyaje? Walibandika hadharani MD5 (hashi za aina ya zamani) za ISO halali, mwanzo hadi mwisho, kila mtu akakague ya kwake. Hakuna aliyeambiwa amalizie mwenyewe!

Grupu zima limecheka. Hata jamaa niliyemfufulia diski yake juzi bure kabisa, naye kacheka. Mtu wa namna hii anyang'anywe kibodi, apewe jembe, na jembe lenyewe apewe nusu. Nawasilisha.

Dagaa Kauzu
Nipo siti ya mbele, karanga mkononi.

Mzee wa Kebo
Umelia sana mkuu. Faili likifunguka ni zima. Mimi ISO zake natumia miaka yote, hashi sijawahi kuuliza, na kompyuta inawaka.

Kokoto la Mto
Inawaka! Mzee, hata ile ya 2016 yenye mlango wa nyuma ilikuwa inawaka vizuri tu, ndiyo maana watu waliiweka. Kukagua ni mstari mmoja. Kwenye Windows unafungua kidirisha cha amri:

certutil -hashfile mint.iso SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Unasubiri kidogo, unalinganisha, umemaliza. Na yeye kazi hiyo KAIFANYA, skrinshoti inaonyesha! Alama zote 64 zilikuwa mbele ya macho yake, akachukua mkasi. Akakaa chini, akachukua mkasi, akakata!

Mzee wa Kebo
Basi nimekusaidia, nimeikodolea macho hiyo ya tisa. Ni 3. Bado 55.

Dagaa Kauzu
Ni 8 hiyo, mimi naiona na tumbo.

Binti Sudo
Umedharauliwa, hilo sibishi. Ila nikuulize mtoa mada: kama shaka yako ni Mtaalamu mwenyewe, hashi yake ingekusaidia nini? Mwizi naye anajua kupiga hashi. Hashi inakwambia faili halijaguswa njiani, basi. Ukitaka kujua limetoka kwa nani unatafuta saini ya GPG, muhuri wa kidijitali wa mwenye faili. Na hata saini haitoshi kama mwenye saini ndiye mbaya: mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalitoka kwa msimamizi wa mradi mwenyewe, yana saini yake, na sumu ndani.

Kokoto la Mto
Binti, mtu simshuku, nashuku njia. ISO ikitoka kwenye grupu inaingia kwenye flashi, inaenda steshenari, steshenari wanamchomea mwanafunzi, mwanafunzi anampa binamu, binamu ndiye ananiletea mimi. Nataka kujua nililo nalo ndilo lililotoka kwake. Ombi langu lote ndilo hilo! Nikaambiwa zilizobaki nimalizie mwenyewe!

Bwana Kerneli
Halafu unawasifia Mint kwa MD5? MD5 watafiti akina Xiaoyun Wang waliivunja 2004. SHA-1, aina nyingine ya hashi, nayo Google na CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, waliizika 2017, PDF mbili tofauti hashi moja.

Kokoto la Mto
Usichanganye mambo. Waliyoyafanya hao ni kutengeneza mafaili mawili kwa mkono wao mpaka yakagongana. Kutengeneza faili jipya lilingane na hashi ya mwenzio aliyekwisha kuitangaza ni kazi nyingine, na hata kwa MD5 hakuna aliyeionyesha. Halafu hiyo MD5 unayoidharau ina alama 32, na Mint walitoa 32 ZOTE!

Mama Bando
Nyie mnalilia hashi. Mimi ISO ya karibu GB 3 imefika 97%, bando la usiku likakata. Hakuna aliyenipa hata pole.

Binti Sudo
Pole dada. Shusha kwa torenti, vipande vipande kutoka kwa watu wengi. Inakagua kila kipande chenyewe na ikikatika inaendelea ilipoishia.

Mama Bando
Ofisini torenti wamefunga, na nyumbani mtandao ni ule wa kupanda juu ya kiti.

Shoka Butu
Afadhali nyie. Mimi nimenunua flashi ya GB 64, nikaweka harusi ya dada yangu nzima. Kufungua, video za mwanzo zinacheza, zilizobaki zina majina tu. Kumbe ndani ni GB 8 na chipu imefundishwa kudanganya kompyuta.

Mzee wa Kebo
Uliinunua kwa yule wa chini ya ngazi?

Shoka Butu
Huyohuyo! Aliniapia kwa mama yake!

Dagaa Kauzu
Na mimi aliniapia kwa mama yake! Yangu imeandikwa 128.

Bwana Kerneli
Kabla hujamlipa, ipime kwa programu ya H2testw. Inaijaza flashi yote kisha inasoma ilichoandika. Ya uongo inaumbuka palepale.

Shoka Butu
Akuruhusu uijaze flashi nzima dukani kwake umesimama? Ukigusa tu boksi anasema umeshafungua, lipa.

Kokoto la Mto
Wakuu, tusitoke kwenye mada. Alama 56 za watu bado ziko kwa Mtaalamu.

Mama Bando
Huyo wa chini ya ngazi ndiye aliyemuuzia mdogo wangu kadi ya kumbukumbu ikamla picha zote za mahafali?

Mzee wa Kebo
Ndiye. Na ukirudi anakwambia simu yako ndiyo ina virusi.

Shoka Butu
Aisee mimi aliniambia hivyohivyo! Nilikuwa hata sijamwonyesha simu.

Dagaa Kauzu
Samahani wakuu, na chaja zake za kompyuta zikoje? Nilitaka nipite kesho.

Mzee wa Kebo
Chaja zake usiguse kabisa. Ya kwangu ilianza kunukia kabla haijachaji.