Mjadala: Daftari la Domesday lilikuwa la kodi, au la kuhalalisha ardhi iliyonyakuliwa?

Mtoa mada:

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1085, William wa Kwanza, Mnormandi aliyeiteka Uingereza miaka 19 kabla ya hapo, alikaa na baraza lake mjini Gloucester, kisha akaamuru nchi ipekuliwe: kila shamba ni la nani, lina plau ngapi, vinu vingapi, wakulima wangapi na watumwa wangapi. Mwandishi wa tarikh wa zama hizo alinung'unika kwamba hata ng'ombe na nguruwe hawakusazwa, akaongeza kuwa kulisimulia jambo hilo ni aibu, ingawa mfalme hakuona aibu kulitenda.

Tumezoea kuambiwa kwamba William alitaka kodi, basi. Mimi naona daftari lililotokana na upekuzi huo, ndilo Domesday, lenye mahali zaidi ya 13,000, lilikuwa kwanza hati ya kuwathibitishia Wanormandi ardhi waliyowapokonya Waingereza. Tazameni mpangilio wake. Ndani ya kila kaunti mashamba yamepangwa kwa mwenye nayo: mfalme, maaskofu, abasia (nyumba za watawa), halafu makabaila mmoja baada ya mwingine. Kodi ilitozwa tarafa kwa tarafa, kwa hiyo kijiji chenye mabwana watatu, ambacho humu kimetawanywa sehemu tatu, ni usumbufu mtupu kwa mtoza kodi. Lakini kabaila akifa au akiasi, mfalme anafungua daftari na kuona mara moja cha kutwaa. Hoja hii si yangu peke yangu, mwanahistoria V. H. Galbraith aliitetea kwa nguvu.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, umeyaruka maswali yenyewe. Katika orodha ya maswali iliyohifadhiwa na abasia ya Ely, wapimaji wanatakiwa kuuliza kama shamba linaweza kutoa zaidi ya linavyotoa sasa. Mwenye kutafuta hati miliki haulizi hivyo. Tena mwaka huohuo wa 1085 mfalme Cnut wa Denmark alikuwa akijiandaa kuvamia, naye William akavusha jeshi kubwa la kukodiwa na kuwagawia makabaila mzigo wa kulilisha. Mwaka uliotangulia ushuru wa ardhi ulikuwa umefika shilingi 6 kwa kila haidi, yaani kile kipimo cha ardhi kilichotumika kukadiria ushuru. Mtu aliyebanwa namna hiyo anatafuta fedha, hatafuti uhalali.

Mtoa mada:

Ndugu yangu, swali hilo la Ely lina harufu ya kodi, nakubali, na jeshi halilipwi kwa maneno matupu. Hata hivyo, taarifa za awali za kaunti ya Cambridgeshire, zilizokusanywa kabla ya daftari kuandikwa, zipo hadi leo, nazo zimepangwa kwa tarafa, jinsi mtoza kodi angependa. Makarani wakazipangua zote na kuzipanga upya kwa majina ya mabwana. Kazi hiyo kubwa ilikuwa ya nini, kama walikwisha kuwa na walichohitaji?

Pia kila shamba liliulizwa mara tatu: zama za mfalme Edward, aliyefariki Januari 1066, wakati William alipoligawa, na sasa. Harold, aliyetawala baada ya Edward hadi akauawa vitani Oktoba mwaka huo, karibu kila mahali anatajwa kama mwinyi tu, si mfalme. Utawala wake umefutwa kwa kalamu, ili William aonekane amerithi kwa Edward moja kwa moja.

Mfano mmoja mdogo. Huko Marsh Gibbon, Buckinghamshire, Mwingereza aitwaye Ailric alikuwa na shamba lake zama za Edward. Mwaka 1086 analikodi shamba lilelile kutoka kwa kabaila William mwana wa Ansculf (si mfalme), na karani ameandika kwamba analishika kwa uzito na kwa unyonge. Hesabu ya kodi haihitaji maneno hayo. Aliyeyaandika alikuwa amesikiliza shauri la ardhi.