Naomba ushauri: kioo cha sanrufu ya Prius kimekwisha, nizibe bati au nitafute kioo kingine?

Mwana wa Pongwe

Wakuu, habari za jioni. Naingia kwenye mada moja kwa moja maana leo ni siku ya nne sijalala vizuri.

Nina Toyota Prius, gari la haibridi (petroli na umeme), ile modeli ya ZVW30, yenye sanrufu, yaani kioo cha kwenye paa kinachofunguka. Jumamosi nazi iliidondokea juu. Si kwamba kioo kimeweka ufa, kimekwisha kabisa. Kimekuwa punje punje kama chumvi ya mawe, zimejaa kwenye viti, kwenye kishikio cha chupa, hadi ndani ya kiatu changu.

Nimezunguka Gerezani na Ilala, wengi wanasema hawajawahi hata kuulizwa kitu hicho. Mmoja anacho cha "Prius", anataka laki nne. Fundi bodi mmoja anasema anaziba bati, anapiga rangi nyeusi, mambo yanaisha.

Swali langu ni moja tu. Bati likizibwa vizuri, maji yatapita? Na mtu akilitazama gari kwa nje atajua? Nalihitaji kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba kuwasilisha.

Kisiki cha Mpingo

Pole sana mkuu. Shukuru Mungu nazi haikukupata kichwani.

Ila sanrufu kwa jua la Dar ni ya nini? Mimi nilikuwa na RAV4 yenye sanrufu, ikawa inavuja kila masika, nikihama kiti na yenyewe inahama na mimi. Nikaiuza, nikachukua Probox. Mwaka wa tano huu nalala usingizi mnono. Uza hilo, chukua Probox.

Mama Tausi

Bima ipo? Kubwa au ndogo? Kama ni kubwa usiguse kitu mwanangu, piga picha, toa taarifa kwanza ndipo uite fundi. Mimi jiwe lilinipiga kioo cha mbele karibu na Chalinze, nikajifanya hodari nikabadilisha siku hiyohiyo, risiti nikapeleka baadaye. Nikaambiwa hakuna aliyekiona kioo kikiwa kimevunjika. Pesa yangu ikaenda hivyohivyo.

Mwana wa Pongwe

Shikamoo mama. Bima sitaki kuigusa. Naomba tubaki kwenye bati.

Fundi Volti

Dogo, kabla ya bati nijibu mambo matatu. Sanrufu ya ZVW30 ina sehemu mbili: mbele kioo kinachoteleza, nyuma yake kipande kisichofunguka chenye vimraba, hicho ni sola. Kilichovunjika ni kipi? Pili, tangu Jumamosi gari limelala wapi, maana Jumapili usiku mvua ilinyesha karibu mji mzima. Tatu, dashibodi inaonyesha taa gani?

Mwana wa Pongwe

Kilichovunjika ni cha mbele. Chenye vimraba kizima. Gari nimelifunika turubai. Taa sijaangalia.

Fundi Volti

Hujaangalia au hujawasha?

Dereva wa Zamani

Kwenye hilo turubai, nitoe kisa kidogo. Mwaka 2011 nikiendesha lori la mkaa kutoka Handeni, turubai lilichanika tukiwa Mkata, tingo wangu akapanda juu kulifunga huku tunatembea...

Mama Tausi

Kaka, kisa hicho kifungulie uzi wake. Kijana ana shida.

Mwana wa Pongwe

Sawa, niseme ukweli. Usiku wa Jumapili upepo ulilitoa turubai. Asubuhi nimekuta kiti cha nyuma kimelowa chapachapa, na ukikanyaga kapeti maji yanapanda kati ya vidole. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha ili niliingize chini ya kibaraza. Ikaja taa ya onyo, pembetatu nyekundu. Nikazima.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilijua tutahamia kwenye betri, na mimi shida yangu ni kioo.

Fundi Volti

Shida yako siyo kioo tena. Nisome taratibu.

Betri kubwa ya gari hilo iko nyuma ya hicho kiti kilicholowa. Ni volti 200 na ushee. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya humo ndani ya gari, na tundu la kuvutia liko pembeni ya kiti cha nyuma. Kiti kikilowa, unyevu unafika hukohuko. Pembetatu nyekundu inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa jambo kubwa, hakuna wa kukwambia kwa macho. Lazima lipimwe kwa mashine.

Kwa hiyo usilibonyeze tena. Usiliwashe "kidogo tu". Fungua buti, upande wa kulia utaona betri ndogo ya volti 12, toa waya wa hasi. Ukishatoa, usiufunge mlango wa buti, kufuli yake ni ya umeme, utabaki nje unapiga ngumi. Waya wowote wa rangi ya chungwa uuone kama nyoka, usiuguse wala usimruhusu mtu kuugusa kama hajasomea haibridi. Ng'oa mikeka, nyanyua kapeti, kausha na feni ya nyumbani kwa siku mbili tatu. Dirisha likianza kuweka ukungu asubuhi ujue bado kuna maji chini.

Na punje za kioo usizifagie kwa mkono. Tumia mashine ya kufyonza, hasa kwenye reli. Usijaribu kuiendesha mota ya sanrufu, punje moja ikinasa kwenye reli inasaga kila kitu. Zaidi ya hapo, sanrufu yoyote hupitisha maji kidogo, ndiyo maana kwenye pembe zake kuna mipira myembamba inayoshusha maji hadi chini ya gari. Punje zikiziba mipira hiyo, hata uweke kioo kipya utalowa.

Kuhusu bati: simkatalii fundi bodi kazi yake, lakini atatoboa paa kwa riveti, kila tundu ni kutu ya mwaka kesho. Akichomelea ndiyo balaa zaidi, maana pembeni mwa dari kuna eabegi za pazia (mifuko ya hewa ya kukinga vichwa ajali ikitokea) na nyaya zake. Kioo chenyewe ni skrubu chache tu za nyota pembeni, wala dari haishushwi. Tafuta kioo.

Aluminium Mbagala

Mimi nafanya madirisha. Niletee vipimo, nakukatia kioo cha milimita tano, unabandika na silikoni, elfu hamsini umemaliza. Nimeshamfanyia mtu wa Noah.

Fundi Volti

Ndugu yangu, hapana. Kioo cha dirisha kikivunjika kinatoa vipande kama visu, na hicho kiko juu ya vichwa vya watu. Cha sanrufu hupikwa kwa moto kikapozwa ghafla ndiyo maana kinasambaa punje zisizochinja. Na kikishapikwa hakikatiki tena, ukigusa tu na almasi kinasambaa. Kinatengenezwa kwa kipimo chake tangu mwanzo.

Baba Alpha

Mleta mada, huyo wa laki nne mwambie akionyeshe kwanza. Mimi natumia Prius Alpha, nilipita duka moja nikaona dari la uwazi la Alpha limeegeshwa ukutani, limeandikwa kwa chaki "PRIUS". Hilo si kioo kabisa, ni plastiki ngumu, kubwa, na halifunguki. Kwenye ZVW30 halikai hata ulipige nyundo. Ukitafuta, nenda na namba ya chasi, usiende na jina la gari.

Mwana wa Pongwe

Duh. Aliniambia limefungwa kwenye nailoni, nitaliona nikilipa nusu.

Wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Hapa ukienda Kirinyaga Road wanakuuliza namba ya chasi kabla hujasema hujambo. Kaka, usilipe nusu ya kitu hujakiona. Nililipia taa ya nyuma ya Fielder namna hiyo, nikapewa ya upande mwingine, na yule jamaa akaniapia kwa mama yake kwamba zinabadilishana.

Mpekuzi

Samahani wakuu, mnapoteza nguvu. Hii ni chai, tena ina tangawizi.

Angalieni. Nazi ya kilo na ushee inadondoka kutoka mnazini, inapiga kioo katikati, bodi haina hata mbonyeo alioutaja. Gari "lake" lakini bima "hataki kuigusa". Halafu kwenye bandiko la kwanza anauliza "mtu akilitazama kwa nje atajua?" Mtu gani? Gari lako mwenyewe unamficha nani? Na hicho kibaraza kiko wapi, kwenye mtaa wenye minazi? Mwaka jana ilipita hadithi ya dafu na Vitz humuhumu, watu wakatoa ushauri kurasa sita, mwisho mwenyewe akapotea.

Kisiki cha Mpingo

Sasa umesema nimeanza kuona. Hata hiyo ya maji kupanda kati ya vidole ilikuwa tamu mno.

Dereva wa Zamani

Mimi naamini. Nazi iliua mbuzi wetu Muheza.

Mama Tausi

Mpekuzi umeuliza vizuri ila umekosea hukumu. Mtu anayetunga huwa na majibu yote. Huyu anajikwaa kila hatua. Mwanangu, gari la nani hilo?

Mwana wa Pongwe

Nimekaa na simu mkononi saa nzima.

Gari ni la shemeji yangu, mume wa dada. Yuko Muscat kikazi, anarudi mwisho wa mwezi. Aliniachia ufunguo hapa Tabata niwe naliwasha mara moja kwa wiki, nisilitoe getini. Jumamosi rafiki yangu alikuwa na harusi Kigamboni, nikawabeba bibi harusi na wapambe wake. Nikaegesha kivulini karibu na ukumbi. Kivuli chenyewe kilikuwa cha mnazi. Niliusikia mlio nikiwa kwenye foleni ya pilau, nikadhani ni spika.

Mbonyeo upo, kwenye ukingo wa kushoto wa paa, ukubwa wa kiganja. Sikuutaja kwa sababu fundi bodi alisema ataunyoosha kwa bei hiyohiyo. Na nazi ninayo, Mpekuzi. Iko chini ya kitanda. Kwenye makumbi yake punje za kioo zimenasa, ukiitikisa zinadondoka. Sijui kwa nini niliichukua.

Dada bado hajui. Bima ni ya shemeji, kwa hiyo nikiigusa tu atapigiwa simu. Na fundi bodi nilishampa laki na nusu tangu juzi, ameshanunua bati. Ndiyo maana nauliza bati. Nikisema sasa hivi nitaonekana mwizi, lakini akikuta limezibwa vizuri labda atazoea, hata sanrufu yenyewe haitumii. Naona bado bati ndilo linanifaa.

Mpekuzi

Nimefuta neno chai. Ile ya makumbi huwezi kuitunga.

Aluminium Mbagala

Harusi ilifana lakini?

Mgeni wa Ruwi

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi niko Muscat, nimeacha gari Tanga kwa mdogo wangu. Sikujui na shemeji yako simjui, wala usimtaje.

Nikwambie upande wa pili ulivyo. Kila Ijumaa nikitoka kuswali namwomba anitumie picha ya gari. Natazama magurudumu, natazama kama kuna vumbi. Si kwamba namchunga. Ni kitu changu cha kwanza nilichonunua kwa jasho la huku, nikikiona najua siku hazipotei bure. Mwaka jana aligonga geti akanipigia usiku uleule analia. Nilifoka, nikakata simu. Baada ya dakika kumi nikampigia mimi, nikamuuliza kama ameumia. Taa ilinigharimu, lakini mpaka leo gari analo yeye.

Angenizibia bati, lile gari ningeliuza, na yeye nisingemwachia hata baiskeli. Usimpe mtu mshangao wa uwanja wa ndege.

Fundi Volti

Na mimi niongeze la kazi. Hata ukiziba bati, pembetatu nyekundu haizibwi. Akifika, atabonyeza kitufe na itamsalimia. Fundi atakayefungua atamwambia maji yaliingia lini. Laki na nusu iombe, akupe hata nusu, bati lina wanunuzi wengi.

Kisiki cha Mpingo

Mimi sijabadilika. Probox haina haya mambo.

Mwana wa Pongwe

Wakuu, ni Alhamisi, nawarudishia majibu.

Waya wa hasi nilitoa, buti nimeliacha wazi nimefunga kamba. Kapeti limetoka, nimekamua ndoo mbili. Jana nilimwambia dada kwanza. Hakusema kitu, aliinuka akaenda kuitazama, akaokota punje mbili tatu kwenye kiti cha mtoto akazishika kiganjani. Kisha akasema piga simu mimi nikiwepo.

Shemeji alipokea. Nilisema yote, pamoja na Kigamboni. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Akauliza kama kulikuwa na mtu ndani ya gari. Nikasema hapana. Akakata.

Leo asubuhi ametuma ujumbe mmoja tu: nimpigie picha kibandiko cha namba ya chasi. Fundi bodi amenirudishia elfu tisini.

Fundi Volti, tukipata kioo, naomba uniambie la kuangalia kabla hakijafungwa. Sitaki kukosea tena.

Fundi Volti

Kwanza lije gereji kwa kuvutwa, likae kwenye kibebeo, lisiburutwe na magurudumu ya mbele chini, maana yale yanazungusha mota. Tulipime betri na tundu la feni, kioo kinasubiri.

Siku ya kufunga, skrubu za zamani usizitupe, njoo nazo kwenye kopo. Raba ikaguliwe yote kwa kidole, sehemu yoyote iliyochanika ibadilishwe. Kioo kikikaa, ukipitisha kiganja kati yake na paa usisikie ngazi: kikiwa juu kinapiga mluzi barabarani, kikiwa chini kinakusanya maji. Mota nayo ifundishwe upya mwisho wake ni wapi, ni kukishikilia kile kitufe cha kuinua mpaka imalize yenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo, chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye kila pembe ya ule mfereji unaozunguka sanrufu, mtu mwingine achuchumae chini atazame. Pembe nne, sehemu nne za kutokea. Hata sehemu moja isipotoa maji, hatufungi kioo siku hiyo.